Kwa Nini Sikumpeleka Masika Butembo

Juzi mlikuja watatu hapa kwangu, mkakaa kwenye benchi, mkazungumzia mvua, mkazungumzia bei ya mafuta, mkazunguka weee kabla ya kusema shida yenu. Mzee wa duka la chumvi ni mgonjwa sana, familia imeshaanza kuuliza gari, na ninyi hamjawahi kubeba maiti. Mnataka niwafundishe. Haya, nitawafundisha, maana sitaki watu waseme Paluku alizeeka na ujuzi wake kwapani. Lakini baada ya somo mtakaa tena kidogo, kwa sababu kuna jambo la pili, na hilo hamkuliuliza.

Kwa asiyenijua: nilizaliwa Butembo, nikaja Walikale kijana, na kwa zaidi ya miaka thelathini niliendesha lori kati ya miji hiyo miwili. Kuja nilileta sabuni, chumvi na mabati. Kurudi nilibeba mchele na mafuta ya mawese. Na mara kwa mara, juu ya mchele, nilibeba mtu wetu aliyekufa.

Sisi watu wa Butembo tulikuwa na mtaa wetu pale Walikale, barabara moja yenye maduka pande mbili na kanisa dogo mwishoni. Tulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: mtu wetu akifia huku, anarudishwa nyumbani kuzikwa. Awe tajiri, awe mke wa fundi cherehani, awe mtoto wa siku tatu. Chama chetu kilichanga mafuta ya gari, nami nikaendesha. Niliona ni jambo la heshima, na sikuwahi kulifikiria zaidi ya hapo.

Sasa somo. Jeneza haliwekwi juu ya chuma. Tandikeni kwanza magunia ya mchele, yasijazwe sana, ili jeneza lizame kidogo na kutulia. Kichwa kielekee kwenye kabini, kwa sababu kutoka Walikale hadi Masisi ni kupanda tu, na hakuna anayetaka mama yake asafiri kichwa chini miguu juu. Kamba ipite chini ya magunia na kushika kando za jeneza. Mkiipitisha juu ya kifuniko na kuikaza, mbao zitapasuka kabla hamjafika Kashebere. Mwageni kahawa iliyosagwa pembeni, nyingi, izuie harufu, msione uchungu. Fungeni kitambaa cheupe kwenye kioo cha nje. Mkifika bariyeri, pale askari wanapozuia magari, mshusheni mzee mwenye mvi aongee, dereva abaki kwenye usukani na afunge mdomo. Mimi niliwahi kuongea, nikajieleza sana, tukakaa pale nusu siku.

Aliyenifundisha haya ni Papa Kambale, dereva wangu wa kwanza. Nilikuwa konveyeri wake, yule wa kupakia, kuweka mbao chini ya magurudumu na kulala juu ya mizigo, kisha akanipa usukani. Safari yangu ya kwanza na maiti nilikwenda mbio mno. Kila shimo niliruka. Papa Kambale alivumilia, kisha akanipiga kofi la kisogo.

"Unakimbia nani?" akaniuliza. "Muntu unamukimbia muko naye mu gari moja!"

Alicheka mpaka Lushebere. Pale Lushebere kulikuwa na mama wa wafugaji aliyeuza maziwa kando ya barabara. Akiona kitambaa cheupe kwenye kioo, anawanywesha wasindikizaji wote na hapokei kitu. Sikumjua jina, yeye pia hakunijua langu. Miaka mingi tulisalimiana hivyo, kwa kikombe.

Kuna siku tulimbeba mzee mmoja, mvua inanyesha, turubai limefunika kila kitu. Kashebere tukampa lifti baba mmoja mwenye kuku. Akapanda nyuma, akaona sanduku zuri la kukalia, akakaa, akaanza kula karanga. Wasindikizaji walidhani anajua. Karibu na Masisi akamuuliza mama aliyekuwa pembeni yake, "Mama, munapeleka sabuni?" Mama akamjibu, "Hapana, papa, tunapeleka baba yangu." Yule bwana aliruka lori likiwa bado linatembea, akamwacha kuku wake. Safari iliyofuata tulimpelekea kuku wake mpaka mlangoni. Alikataa kumgusa.

Chekeni, mimi pia bado ninacheka. Sasa hilo la pili.

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja wa pikipiki, mtoto wa Walikale, aliuawa njiani na watu wenye silaha. Mji ulimpenda. Walipomzika, hasira haikuzikwa naye. Maduka yakafungwa, matairi yakachomwa njia panda, vijana wakazunguka na mawe. Kisha mtu akasema neno lililoruka mjini kote: mbona malori ya watu wa Butembo hupita pale pale salama?

Nisiwadanganye. Tulipita salama kwa sababu tuliwalipa hao wenye silaha. Kila lori lililipa, langu pia. Tulisema ni ushuru kama ushuru mwingine, na hatukuuliza unanunua nini. Kwa hiyo walipokuja na hasira zao mtaani kwetu, nusu ya walichokisema kilikuwa kweli, na ndiyo maana ilituchoma.

Polisi walikuwa wachache, na hao wachache walikuwa wanalinda ofisi. Papa Kambale, ambaye sasa alikuwa mzee na mkuu wa chama chetu, akatukusanya kanisani. Mtaa ulikuwa na midomo miwili. Mdomo wa juu ulikuwa na mfereji mpana wenye mbao za kupitia, tukaziondoa mbao. Mdomo wa chini tukauziba kwa lori langu. Niliingiza lori kinyumenyume, nikaliweka upande, pua ikagusa ukuta wa duka moja na mkia ukagusa duka jingine, nikatoa betri. Wanaume tukagawana zamu. Wanawake wakajaza maji kila beseni na kila ndoo, wakazipanga mbele ya milango. Papa Kambale alikataza mtu yeyote wa kwetu kushika jiwe.

"Wakirusha, tunainama," alisema. "Hatuna fasi ingine ya kwenda. Kesho tutakuwa tunawauzia chumvi hawa hawa."

Siku mbili walikuja na kuondoka. Walipiga mabati kwa mawe, walitukana, na kulikuwa na maneno waliyoyarudia kuliko yote: "Murudie kwenu! Hata kaburi moja hamuna hapa!"

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya gurudumu niliposikia hivyo mara ya kwanza. Nilianza kuhesabu kichwani wote niliowabeba. Wote tulikuwa tumewaondoa. Watu walioishi Walikale maisha yao yote, waliozaa Walikale, wakafa Walikale, na mimi nikawafuta mmoja mmoja kwa lori. Nilishikwa na aibu ambayo sikuitegemea.

Mke wangu Masika alikuwa na duka la vitenge, la tatu kutoka kanisani. Mlimjua baadhi yenu. Ndiye aliyekuwa anawapa visehemu vya vitambaa mkatengeneza mipira. Mwanamke mwembamba, mdomo hauna breki. Tangu tuoane alikuwa ameniapisha jambo moja: akifa kabla yangu, nisimwachie dereva mwingine, nimpeleke mwenyewe kwa mama yake. Alikuwa akisema, "Umebeba bibi za watu wote, mimi bibi yako utanibeba vizuri kuliko wao." Nami niliapa. Lilikuwa jambo jepesi kwangu, kazi yangu ya kila siku.

Siku ya pili, mchana, walirusha mpira wa gari unaowaka ukatua juu ya duka la fundi cherehani, ambalo lilikuwa la mbao. Moto ukashika ukingo wa paa. Tukaleta ngazi. Ardhi ilikuwa imelowa maji yaliyomwagika na ngazi ilikuwa inateleza, ikahitaji mtu wa kuishika. Masika akasema apande yeye kwa kuwa ni mwepesi. Mimi nikashika ngazi. Wanawake wakampa beseni, akamwaga; wakampa jingine, akamwaga. Moto ulikuwa unakaribia kuisha.

Hapo sauti ikatoka chini: "Bako banachoma kamyo ya Paluku!"

Vijana, sikufikiri. Nimejaribu miaka hii yote kusema kwamba nilifikiri mtaa, kwamba lori likiungua mlango wetu umefunguka. Si kweli. Nilisikia lori langu, nikaachia ngazi, nikakimbia. Dereva yeyote angekimbia. Ndiyo kazi ilivyokuwa imenitengeneza: nikisikia gari, miguu inatangulia.

Lori halikuwa linaungua. Tairi lilikuwa linawaka hatua kadhaa mbele yake na upepo ulikuwa unapeleka moshi upande wetu. Nilisimama pale nikihema, nikagusa pua ya lori kwa mkono, nikafurahi. Kisha nikasikia wanawake wakilia nyuma yangu.

Masika alikuwa amelala chali kwenye matope, ngazi imeanguka kando yake, damu inatoka sikioni. Tulimwingiza dukani kwake, tukamlaza juu ya vitenge. Mama mmoja aliyekuwa muuguzi alimshika, akanitazama, akatikisa kichwa. Masika alifungua macho mara moja.

"Kamyo haikuungua?" aliuliza.

"Haikuungua."

"Ndiyo vizuri. Utanipeleka nayo."

Alikufa kabla kengele ya saa tisa haijapigwa.

Nilichukua betri, nikaenda kwenye lori. Mtanisamehe, sikuwa na akili nyingine. Nilitaka kuifunga betri, nimpakie mke wangu na niende, hata barabara ikiwa imefungwa, hata nikifia Kashebere. Papa Kambale alikuja akasimama mbele ya pua ya lori na fimbo yake.

"Paluku, ukitosha hii gari, hapa panabaki wazi."

"Papa, nilimuapia."

"Ninajua. Nilikuwa pale mu ndoa yenu." Machozi yalikuwa yanamtoka, na sikuwahi kumwona akilia. "Lakini batoto bako hapa. Ukitoka na hii kamyo, wanaingia. Sikukatazi. Ninakuambia tu, kisha utafanya kile moyo yako inasema."

Alisogea pembeni, akaniachia njia. Afadhali angenipiga tena lile kofi. Nilikaa kwenye usukani na betri mapajani mpaka asidi ikatoboa suruali. Kupitia kioo niliwaona watoto wa mtaa wameketi mbele ya kanisa, mikono magotini, hakuna anayecheza. Nikashuka. Nikarudisha betri nyumbani.

Asubuhi yake alikuja Papa Bahati. Huyu ni mwenyeji wa Walikale, ndiye mwenye viwanja vingi tulivyopanga. Alipita uchochoroni nyuma ya kanisa, peke yake, amevua kofia. Alikuwa amesikia kilio.

"Makaburi ya mji iko ng'ambo, hamutafika," alisema. "Muchimbe mu shamba yangu ya mihogo, hapa nyuma. Ni pa familia yangu. Baba yangu iko pale."

Nilichukua jembe mwenyewe. Kusema ukweli, hakuna mtu wa mtaa wetu aliyejua kuchimba kaburi Walikale. Tulikuwa hatujawahi. Tulichimba vibaya, kingo zinaporomoka, maji yanaingia. Mawe yakaanza tena kwenye mabati, wanawake wakaendelea kuimba, mimi nikaendelea kuchimba.

Kisha mawe yakapungua. Nilipoinua kichwa, kulikuwa na vijana kumi na kitu wamesimama kwenye mihogo. Aliyekuwa mbele anaitwa Safari, kaka mkubwa wa yule kijana wa pikipiki. Macho yake yalikuwa mekundu ya moshi na ya kulia. Nilidhani tumekwisha.

"Hii maiti, munaipeleka Butembo lini?" aliuliza.

"Haiendi," nilimjibu. "Iko inabaki hapa."

"Ni nani wako?"

"Bibi yangu."

Alitazama shimo, akanitazama mimi nilivyochafuka mpaka kifuani, akatazama jeneza, lililokuwa mbao za kabati la Masika.

"Papa, toka mule ndani," alisema. "Mwenye kufiwa hachimbake."

Kwao ndivyo ilivyo: wa nyumba ya msiba hawashiki jembe, majirani ndio wanaochimba. Sisi hatukulijua hilo, maana hatukuwahi kuwapa nafasi ya kutuchimbia. Safari alinishika mkono akanivuta juu, akaingia yeye, na wenzake wawili wakamfuata. Walinyoosha kingo, wakatoa maji kwa mabeseni yale yale ya kuzimia moto. Hakuna aliyeomba msamaha, wala sisi hatukuomba. Papa Kambale alianzisha sala, Papa Bahati akaimalizia.

Sitawaambia kwamba kila kitu kilikwisha hapo. Jioni ile maduka mawili ya mwisho wa juu yalivunjwa na kubebwa, na familia nne zilihama moja kwa moja. Lakini hakuna aliyewasha tena moto kwenye mtaa wetu, na siku ya nne nilirudisha betri, nikaondoa lori, barabara ikafunguka. Mwezi ule chama kiliamua kwamba malori yetu hayatalipa tena pale njiani. Tulikaa bila mizigo kwa muda mrefu, tukala mihogo kama watu wengine. Safari alikuwa anakuja kusafisha kaburi bila kuitwa. Mpaka leo sijui nimwiteje, mtoto wangu au mtu aliyerusha ule mpira wa moto. Huenda ni vyote. Sijawahi kumuuliza.

Wengi wenu mnadhani niliacha usukani kwa sababu ya mgongo. Mgongo ni mzima. Kila nilipowasha lori lile nilimsikia akiuliza kama haikuungua, na siku moja nikampa funguo konveyeri wangu nikarudi nyumbani kwa miguu.

Barabara ilipotulia, Muhindo, shemeji yangu, kaka yake Masika, alikuja kutoka Butembo na lori la kukodi. Juu yake kulikuwa na jeneza jipya, zuri, la mbao nyekundu, na karatasi za ruhusa ya kufukua. Mama mkwe alikuwa amemtuma. Alizeeka sana, haoni vizuri, na alikuwa anasubiri.

Nilimpeleka kwenye kaburi. Watu wa mtaa wakatoka madukani, wakasimama kwenye mihogo, wote, hata waliotusaidia kuchimba. Hakuna aliyeniomba kitu. Papa Kambale alikuwa ameshafariki wakati huo, naye yuko pale, pembeni ya Masika. Alidai hivyo mwenyewe. Muhindo aliniuliza aanzie upande gani. Nikamwambia haanzi, nimeshafuta watu wa kutosha Walikale.

Tulibishana mpaka jua likawa juu ya kichwa. Mwisho akasema, taratibu, bila hasira, "Shemeji, ulipeleka batu wote kwao. Bibi yako ndiye ulimuacha."

Nilikubali. Ni kweli, na inauma leo kama siku ile. Nilimwacha kwenye ngazi, kisha nikamwacha kwenye shamba la mihogo la mtu mwingine, na siku hiyo nikamwacha mara ya tatu, mbele ya kaka yake, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilikwenda nyumbani nikachukua kitenge chake cha Jumapili, cha bluu, ambacho nilikuwa sijakifua. Nikampa Muhindo ampelekee mama. Yeye akakikunja, akafungua lile jeneza, akakiweka ndani katikati, akafunga kifuniko kwa misumari. Sikutegemea afanye hivyo. Watu wakaanza kulia upya.

Dereva wake, kijana kama ninyi, alikuwa analitupia jeneza pembeni mwa magunia, anataka kuondoka kabla ya mvua. Nilipanda juu. Jeneza tupu linaruka kuliko lililojaa, hamjui hilo, linaweza kupasuka lote njiani. Niliomba magunia mawili zaidi, nikalibana pande zote, nikalifunga mwenyewe, nikashuka.

"Ukifika Kashebere, pale penye mashimo, pita polepole," nilimwambia.

Alishangaa. "Papa, si haina muntu ndani?"

"Pita polepole," nikamwambia. "Iko bibi yangu."